Karate: amri zibaki za Kijapani, maelezo yawe ya Kiswahili

Kijana wa Mombasa anayefika Kigali kwa kazi ya mwezi mmoja, Kinyarwanda hajui hata salamu, anaweza kuingia ukumbi wa karate jioni ileile na kufanya mazoezi bila mkalimani. Mlangoni anavua viatu na kuvipanga pembeni. Anainama kabla ya kukanyaga sakafu. Anatafuta nafasi yake kwenye mstari kwa kuangalia rangi za mikanda. Mkubwa wa wanafunzi anapoita "seiza", wote wanapiga magoti na kukalia visigino. Akiita "mokuso", macho yanafumbwa na ukumbi unanyamaza. Kisha mwalimu anaanza kuhesabu, ichi, ni, san, shi, go, na ngumi zote zinatoka kwa pamoja, ya mgeni na za wenyeji.

Taabu inaanza pale mwalimu anaposimamisha mazoezi ili aeleze kwa nini kiwiko kisitoke nje, au kwa nini mguu wa nyuma ndio unaosukuma mwili. Hapo Kijapani chake kimekwisha, kwa sababu alikuwa nacho cha amri tu. Anaendelea kwa Kinyarwanda kilichochanganywa na Kifaransa, na mgeni anabaki kutikisa kichwa. Angekuwa Bujumbura ingekuwa Kirundi, Nairobi pengine Kiingereza. Lugha ambayo mgeni na wenyeji wake wangeweza kukutana nayo bila shida ni Kiswahili, lakini katika kumbi nyingi za karate hakuna aliyefikiri kukipa kazi hiyo.

Wapo wanaoona dawa ni kutafsiri kila kitu. Kwa nini mtoto wa Arusha aambiwe "hajime" wakati neno "anza" lipo? Kwa nini "yame" na si "acha"? Swali ni la haki, lakini jibu lake ni rahisi. Katika mashindano ya kimataifa mwamuzi hatasema "anza". Atasema "hajime", na mpiganaji wa mkanda mwekundu ataitwa "aka", wa buluu "ao". Ngumi iliyofika vizuri inapewa "yuko", yaani pointi 1. Teke la mwilini ni "waza-ari", pointi 2, na teke la kichwani ni "ippon", pointi 3. Maneno hayo yalitumika Tokyo mwaka 2021, karate ilipochezwa katika Olimpiki kwa mara ya kwanza, na ndiyo yanayotumika mtu anapovuka mpaka kwenda kushindana kwa jirani. Mchezaji anayesita nusu sekunde kulielewa neno "yame" anaweza kupiga mtu aliyekwisha kushusha mikono, au kupigwa yeye. Amri inataka neno moja, fupi, linalojulikana na wote. Kanda hii ikianza kutafsiri amri, kila nchi itatafsiri kwa lugha yake, na kijana wa Mombasa hatajua aanze lini.

Isitoshe, maneno yenyewe hayamsumbui msemaji wa Kiswahili. Kijapani kina irabu tano zilezile, a, e, i, o, u, na silabi zake nyingi huishia kwa irabu. Mtoto wa Dodoma hutamka "mawashi geri" kwa urahisi kuliko Mwingereza. Hata kubadilika kwa sauti hakumshangazi: "keri", teke, linakuwa "geri" likiunganishwa na neno jingine, na "tsuki", ngumi ya kuchoma, linakuwa "zuki". Anayesema ulimi na ndimi bila kufikiri hana sababu ya kuliogopa hilo.

Kwa hiyo amri zibaki. Lakini kulihifadhi neno ni jambo moja, na kulifanya kuwa pazia ni jambo jingine.

Katika mtihani wa mkanda, mtoto wa miaka kumi huulizwa jina la pigo na hulijibu kwa kasi kama anayesoma jedwali la kuzidisha. "Gedan barai!" Akiulizwa maana yake, anawatazama wenzake. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba "gedan" ni sehemu ya chini na "barai" linatokana na kufagia. Aliyeambiwa kwamba anafagia chini, mkono wake hubadilika wenyewe: haupigi tena kama nyundo, unapita na kuondoa. Maana ya neno ilikuwa ni maelekezo, naye alipewa sauti peke yake.

Mfano mzuri zaidi ni neno "uke". Kwa Kiswahili lina maana nyingine kabisa, na wanafunzi wapya hucheka wakilisikia, hasa wavulana. Walimu wengi hukemea kicheko na kuendelea, wakisema tu kwamba ni kuzuia. Lakini neno hilo linatokana na kitenzi "ukeru", ambacho ni kupokea. Pigo la adui halizuiliwi kama mlango unavyozuia mtu. Linapokewa, linageuzwa, linapelekwa kwingine. Anayezuia hukaza mkono na kusubiri kugongwa. Anayepokea husogea. Waingereza walipotafsiri kwa neno lao la kuzuia, walipoteza nusu ya funzo, na walimu wa Afrika Mashariki waliosoma vitabu vya Kiingereza wameirithi hasara hiyo bila kujua. Hapa Kiswahili kina neno zuri kuliko Kiingereza, neno ambalo mtoto analijua tangu anapokea mzigo wa mama yake akitoka sokoni.

Vivyo hivyo "kata". Kwa Mtanzania ni eneo la diwani, kwa mwenye kisu ni amri, na kwa mchota maji ni chombo cha kuchotea. Mwalimu akieleza kwamba katika karate ni umbo, mfuatano wa hatua na mapigo uliopangwa ili mtu ajifunze peke yake, mzaha huo unamsaidia mwanafunzi kukumbuka. Na "shodan", daraja la kwanza la mkanda mweusi, linabeba ndani yake neno la mwanzo. Wangapi hapa kwetu, kijijini hata mjini, hupata mkanda mweusi na kuacha mazoezi wakidhani wamefika, ilhali jina la daraja lenyewe linawaambia ndiyo kwanza wanaanza?

Watetezi wa Kijapani kitupu husema kwamba maneno hayo ni urithi na hayaguswi. Historia ya karate yenyewe inawakana. Karate haikuzaliwa Tokyo. Ilikulia Okinawa, katika visiwa vya ufalme wa Ryukyu ambao Japani iliufuta mwaka 1879, na watu wa huko walikuwa na lugha yao. Kabla ya kuingia shuleni, mwalimu alikuwa na wanafunzi wachache, mara nyingi uani kwake. Mistari iliyonyooka na kuhesabu kwa sauti moja vilikuja mwanzoni mwa karne ya 20, karate ilipoanza kufundishwa katika shule za Okinawa na kuchukua sura ya mazoezi ya viungo ya shule za Japani.

Gichin Funakoshi, mwalimu wa shule kutoka Okinawa, aliionyesha karate Tokyo mwaka 1922. Aliona mapema kwamba majina ya kwao hayakueleweka kwa wanafunzi wa mjini. Alifanya nini? Aliyabadili. Kata zilizoitwa Pinan akaziita Heian, jina lenye maana ya amani na utulivu. Kushanku, lililotokana na jina la mjumbe kutoka China, akaliita Kanku, yaani kutazama mbingu. Hata neno "karate" liliwahi kuandikwa kwa alama zenye maana ya mkono wa China, na baadaye likaandikwa kwa alama za mkono mtupu. Mwaka 1936 walimu wakubwa walikutana Naha, mji mkuu wa Okinawa, na kukubaliana na uandishi huo mpya. Hata mikanda ya rangi na madaraja ya kyu na dan havikuwa vya Okinawa. Funakoshi aliazima mfumo wa madaraja kutoka judo ya Jigoro Kano, na akaanza kutoa mikanda myeusi mwaka 1924.

Yapo pia machungu katika historia hiyo, na Afrika Mashariki inayajua. Katika miaka hiyohiyo, mtoto wa Okinawa aliyesikika shuleni akisema lugha ya nyumbani alivishwa ubao shingoni, akae nao mpaka amkamate mwenzake aliyefanya kosa hilo. Aliyesoma Kenya ya zamani hahitaji kuelezewa zaidi. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika kuhusu watoto wa Kikuyu waliopigwa au kuvishwa bamba shingoni kwa kosa hilohilo. Itakuwa ajabu basi kama mchezo uliotoka kwa watu walioadhibiwa kwa lugha yao utatumika kumwambia mtoto wa Bukavu au Tanga kwamba lugha yake haifai kueleza ngumi.

Jambo zito kuliko mapigo ni kuinama. Hapo ndipo ukosefu wa maelezo unapoleta hasara ya kweli, kwa sababu wazazi huwatoa watoto wao.

Mzazi anafika kumchukua mwanawe. Anachungulia dirishani na kuwaona watoto thelathini wamepiga magoti, wameelekea ukuta wenye picha ya mzee wa Kijapani, na sauti inaita "shomen ni rei". Wote wanainama mpaka paji la uso linakaribia sakafu. Kama ni Mwislamu, anajua ni nani pekee anayesujudiwa. Kama ni Mkristo, anaikumbuka amri ya kwanza. Anamuuliza mwalimu, na mwalimu anajibu kwamba ndiyo taratibu za karate. Wiki inayofuata mtoto haonekani.

Mzazi huyo hakukosea kuuliza. "Shomen" maana yake ni upande wa mbele, na "rei" ni salamu ya heshima, neno linalobeba pia adabu yote kwa jumla. Wajapani huinamiana dukani, ofisini, hata mtu akizungumza kwa simu na asiyemwona. Lakini pia ni kweli kwamba katika kumbi fulani za Japani ukuta huo huwa na kamidana, kijirafu chenye madhabahu ndogo ya dini ya Shinto, na mwalimu anayesema kwamba kuinama hakujawahi kugusana na dini anasema nusu ya ukweli. Jibu la uaminifu ni kumwonyesha mzazi kilichopo ukutani. Kama ni bendera ya taifa, aambiwe ni bendera. Kama ni picha ya mwasisi, aambiwe kwamba watoto wanamsalimu mtu waliyepokea kazi yake, kama darasa linavyosimama mwalimu akiingia. Na kama picha yenyewe ndiyo inayomkwaza, picha iteremshwe. Karate haitapungua ngumi hata moja. Vilevile wanaoona magoti ni kikwazo wanaweza kusalimu wakiwa wamesimama, jambo ambalo ni la kawaida katika karate yenyewe, kwani kila pambano huanza kwa salamu ya kusimama.

Mzazi akielezwa hivyo kwa lugha anayoielewa, mara nyingi huona kwamba mambo haya si mageni kwake. Msichana wa Buganda hupiga magoti kumsalimu mkubwa, na hakuna anayesema anamwabudu. Rwanda na Burundi mtu humpa mkubwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukishika mkono huo, kuonyesha heshima. Pwani viatu huachwa mlangoni na mgeni hapiti bila hodi. Kabla ya kufanya mazoezi ya wawili, wanafunzi wa karate husema "onegaishimasu", neno ambalo mtu akilieleza kwa Kiswahili anaweza kusema ni ombi: naomba unisaidie kujifunza. Wakimaliza husema "arigatou gozaimashita", asante kwa yaliyofanyika. Mtoto anayejua kwamba ameomba kusaidiwa hawezi kumwumiza mwenzake kwa makusudi na akabaki na amani. Anayedhani ni kelele tu za kuanzia, anaweza.

Baada ya shomen huja "sensei ni rei", salamu kwa mwalimu, na mwisho "otagai ni rei", salamu ya mmoja kwa mwingine. Katika salamu ya mwalimu, naye huinama. Wapo walimu wanaolisahau hilo. Wanasimama wima, mikono kiunoni, wanafunzi wakiwa chini. Kwa desturi za huku, huyo ni sawa na mzee aliyepewa shikamoo akakaa kimya. Marahaba si hiari, ni deni.

Neno "sensei" lenyewe limekuzwa kupita kiasi. Kwa asili ni aliyetangulia kuzaliwa. Japani huitwa hivyo mwalimu wa shule ya msingi, daktari, hata mwanasiasa. Na adabu yao haimruhusu mtu kujiita sensei mwenyewe. Jina hilo la heshima hutolewa na wengine. Katika eneo ambalo mtu hujitambulisha kwa simu kwamba yeye ni Mheshimiwa Fulani, kanuni hiyo itaonekana ngumu, lakini anayedai kushika desturi za Kijapani hawezi kuchukua zinazompandisha na kuziacha zinazomshusha.

Ubaya unakuja pale neno hilo linapofunga midomo. Mwanafunzi anayeuliza kwa nini goti lake linauma anaambiwa aseme "osu" na aendelee. Fimbo inayotumika kunyoosha mgongo inageuka fimbo ya adhabu, na mtoto anaambiwa ndivyo Wajapani wanavyofundisha. Neno "osu" husikika sana katika baadhi ya mitindo na katika klabu za vyuo vikuu vya Japani, lakini wako walimu wa Okinawa wasiolitumia kabisa, na Mjapani wa kawaida hawezi kumsalimu mkubwa wake kwa neno hilo, kwa kuwa ni salamu ya ukali ya vijana wa kiume. Kulifanya kuwa jibu la kila kitu, ndiyo, nimeelewa, samahani, naumia, ni kumnyang'anya mtoto maneno manne aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Mzazi asikubali. Goti la mtoto linalouma lina haki ya kuelezwa kwa Kiswahili, na mwalimu anayejua kazi yake atalisikiliza.

Wengine watasema nidhamu italegea maelezo yakizidi. Hofu hiyo si ya kupuuzwa, maana ukumbi wa watoto arobaini hauendeshwi kwa mjadala. Lakini dakika tano za mwisho, wakati jasho linakauka, zinatosha kueleza neno moja kwa siku. Kwa mazoezi ya mara mbili kwa wiki, mwaka mmoja unatosha kumaliza karibu msamiati wote ambao mwanafunzi wa mikanda ya chini anauhitaji, na yatabaki ya kurudia.

Kazi kubwa iko kwa mashirikisho. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa 1999 ilisema Kiswahili kiendelezwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu wa kanda nzima. Rwanda ilikipa hadhi ya lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2017. Maneno hayo ya kisheria yanaweza kuanza kazi katika sehemu ndogo kama mtihani wa mkanda: jina la pigo litajwe kwa Kijapani, maana na matumizi yaelezwe kwa Kiswahili, na asiyeweza kueleza asubiri hata kama teke lake ni zuri. Kozi za waamuzi zinazokutanisha nchi jirani zifanyike hivyohivyo. Leo mwamuzi kutoka Burundi aliyesomea Kifaransa hukaa kimya nusu ya siku kwenye kozi ya Kiingereza, na wa Uganda hufanya hivyo kozi ikiwa ya Kifaransa.

Kinachohitajika kuchapishwa ni karatasi moja, pande mbili. Upande mmoja amri na majina, upande wa pili maana zake kwa Kiswahili walichokubaliana walimu wa nchi zote, ili mtoto asiambiwe Arusha kwamba "uke" ni kuzuia na Goma kwamba ni kupokea. Maneno machache yatabishaniwa. "Zanshin", ile hali ya kubaki macho baada ya pigo kumalizika, haina neno moja la Kiswahili, na walimu wa Zanzibar na wa Lubumbashi hawatalieleza kwa namna moja. Wabishane kwa Kiswahili, na karatasi ibandikwe mlangoni, pale viatu vinapovuliwa, ambapo mzazi anayesubiri ataisoma.